Mawe ya Kutupa na Betri za Kuchaji: Mwenendo Wake Katika Nyumba za Kitale na Bungoma

Katika maduka ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, betri kavu inayotumiwa mara moja na kutupwa kwa kawaida huitwa jiwe, na mnunuzi anayeomba mawe mawili ya tochi hupewa bila kuulizwa jambo lolote isipokuwa kama anataka makubwa au madogo. Jina hilo linaifaa bidhaa yenyewe, kwa sababu ni nzito na baridi kiganjani, na ikishakwisha nguvu haina faida zaidi ya jiwe la njiani. Neno betri mara nyingi huachiwa ile ya gari, ya simu au ya sola, yaani ile ambayo nguvu zake zikipungua hurudishwa kwa kuchajiwa. Kwa hiyo lugha ya sokoni imekwisha kuzitenganisha aina mbili zinazolinganishwa hapa, ingawa, kama itakavyoonekana, mpaka baina yake umeanza kufifia na majina hayajayafuata mabadiliko hayo.

Swali ambalo huulizwa kwa kawaida ni kipi bora kati ya jiwe na betri ya kuchaji, na swali hilo, likiachwa hivyo, halina jibu. Seli ile ile inayoonekana kuwa hasara ndani ya saa ya ukutani huwa akiba kubwa ndani ya tochi ya mfugaji anayekamua ng'ombe alfajiri, na ile inayosifiwa katika tochi huweza kumwaibisha mwenyewe ikiwekwa katika kifaa kinacholala kabatini miezi 8. Mambo matatu ndiyo yanayoamua: mkondo, yaani wingi wa umeme ambao kifaa hunywa kwa wakati mmoja, muda unaopita kati ya matumizi na matumizi, na wakati ambao fedha huingia mkononi mwa mwenye nyumba. Jambo la tatu si la fizikia, lakini katika kaunti za Trans Nzoia, iliko Kitale, na Bungoma lina nguvu kuliko hayo mengine mawili.

Jiwe la kawaida ni kizazi cha seli iliyobuniwa na Georges Leclanché mwaka wa 1866, ambayo Carl Gassner wa Ujerumani aliikausha mwaka wa 1886 kwa kuyageuza maji yake ya chumvi kuwa rojo lisilomwagika. Kopo lake ni la zinki, katikati yake mna kijiti cha kaboni, na baina ya viwili hivyo mna unga mweusi wa dioksidi ya manganizi uliochanganywa na elektroliti, yaani kimiminiko au rojo linalopitisha chaji kutoka upande mmoja wa seli hadi mwingine. Zinki inapoliwa ndipo umeme unapotoka. Kopo ndilo kuni, na jiwe linapofanya kazi huwa linakula mwili wake lenyewe. Ndugu yake wa gharama zaidi ni jiwe la alkali, ambalo lilipata umbo lake la kisasa katika miaka ya 1950 kwa kazi ya Lewis Urry, mhandisi mzaliwa wa Kanada aliyekuwa katika maabara ya kampuni ya Eveready huko Ohio, Marekani. Katika alkali kopo ni la chuma na zinki imesagwa kuwa unga na kuwekwa katikati, jambo linaloiwezesha kutoa mkondo mkubwa bila kuchoka upesi.

Betri ya kuchaji hutofautiana na hizo kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba mabadiliko ya kikemikali yanayofanyika ndani yake yanaweza kurudishwa nyuma kwa kupitisha umeme kinyume, na vitu vilivyotumika vikajengeka upya karibu kama vilivyokuwa. Neno karibu lina uzito hapa, kwa sababu kila mzunguko wa kuchaji na kutumia huacha upungufu mdogo, na idadi ya mizunguko kabla ya seli kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake ndiyo umri wake wa kweli. Betri ya risasi ya Gaston Planté ni ya mwaka wa 1859, na ya nikeli na kadimiamu, iliyobuniwa na Waldemar Jungner wa Uswidi, ni ya mwaka wa 1899. Kwa hiyo wazo la kuchaji ni la zamani kuliko tochi yenyewe. Seli za nikeli na haidraidi ya metali, ambazo ndizo zinazouzwa kwa umbo la mawe madogo, zilianza kuingia sokoni karibu na mwaka wa 1990, na Sony ya Japani ilitoa betri ya kwanza ya ioni za lithiamu kwa biashara mwaka wa 1991. Kujaribu kulichaji jiwe la kawaida, kama wafanyavyo baadhi ya watu kwa kuliunganisha na kibao cha sola, huzaa gesi na uvujaji kuliko umeme, kwa sababu kopo lililokwisha kuliwa halirudi kuwa kopo.

Kwa vizazi viwili jiwe halikuwa na mpinzani. Kampuni ya Eveready, yenye kiwanda Nakuru, ilianzishwa nchini Kenya mwaka wa 1967, na mawe yake makubwa, yenye nembo ya paka mweusi anayeruka katikati ya tarakimu 9, yalienea hadi maduka ya vijijini kiasi kwamba neno paka likawa jina la bidhaa badala ya nembo. Dar es Salaam nayo ilikuwa na kiwanda cha mawe cha Matsushita tangu miaka ya 1960. Hisa za Eveready East Africa ziliingizwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka wa 2006 zikigombaniwa na wananchi, lakini kufikia mwaka wa 2014 kiwanda cha Nakuru kilifungwa, na lawama zikaelekezwa kwa mawe ya bei nafuu kutoka nje na yale ya bandia. Lawama hiyo haikukosa msingi, ila sababu nyingine inastahili kuongezwa, nayo ni kwamba mteja mwenyewe alikuwa amebadilika. Tochi ya globu iliyokunywa mkondo wa miliampea 300 hadi 500 ilikuwa imepisha tochi ya LED inayotosheka na 100 au chini ya hapo, na redio ya mawe manne ilikuwa imeanza kupisha kiredio kidogo chenye betri ya simu mgongoni.

Tabia inayolitofautisha jiwe na betri ya kuchaji mbele ya macho ya mtumiaji ni namna nguvu zinavyoshuka. Jiwe jipya huanza na volti 1.5 au zaidi kidogo, kisha volti huteremka polepole kama mtu anayeshuka mlima, hadi zinapofika 0.9 ambapo vifaa vingi hukataa kufanya kazi. Mteremko huo unaonekana katika mwanga wa tochi, ambao hutoka weupe ukaingia unjano na mwisho ukabaki kama kaa la moto, na watu wa magharibi mwa Kenya wamejenga juu yake utaratibu mzima wa matumizi. Mawe mapya huanza katika tochi, kwa sababu tochi ndiyo mlaji mkubwa. Yakichoka huhamishiwa katika redio, ambayo ikipunguzwa sauti hutosheka na kidogo. Na moja lenye uhai uliobakia huweza kuisukuma saa ya ukutani kwa wiki kadhaa zaidi. Hakuna mhandisi aliyeandika kanuni hiyo, na bado ni matumizi sahihi kabisa ya kifaa ambacho uwezo wake hutegemea mkondo unaodaiwa, kwani jiwe lile lile la zinki huweza kutoa umeme maradufu likidaiwa kidogo kidogo kuliko likidaiwa kwa pupa.

Desturi ya kuanika mawe juani, au kuyauma kwa meno mpaka yakabonyea, huchekwa na waliosoma, lakini haikosi maelezo. Jiwe linapofanya kazi, mazao ya mmenyuko hujikusanya karibu na kijiti cha kaboni na kuongeza ukinzani wa ndani, yaani kizuizi kinachoukabili umeme unapotaka kutoka; mapumziko huyapa mazao hayo nafasi ya kutawanyika, joto la jua huharakisha utawanyikaji huo, na kulibonyeza kopo huusukuma unga na rojo vigusane tena pale palipokuwa pamekauka. Kinachopatikana ni masalio yaliyokuwa yamekwama, wala si nguvu mpya, na hayazidi dakika chache za taarifa ya habari. Hasara yake ni kwamba kopo lililobonyezwa na kupashwa joto huwa tayari limekuwa jembamba, na meno ya mwanadamu hayakuumbwa kwa ajili ya kloridi ya zinki.

Seli ya kuchaji ya nikeli huenenda kinyume. Inaposhika kazi huwa na volti 1.2, nayo hubaki karibu na hapo kwa sehemu kubwa ya safari, kisha huanguka ghafla. Wauzaji na wanunuzi wengi wanaposoma 1.2 mahali walipozoea 1.5 huhitimisha kwamba wameuziwa betri dhaifu, na dhana hiyo nayo imezuia matumizi yake. Ukweli ni kwamba jiwe la zinki nalo hufika volti 1.2 likiwa bado na sehemu kubwa ya umeme wake, kwa hiyo kifaa kilichoundwa kwa ajili ya mawe kimeundwa kustahimili volti hizo. Redio ya seli nne itapata 4.8 badala ya 6, na isipokuwa kama imeundwa vibaya, itaimba. Kuhusu volti hizo, malalamiko yanayosimama ni mawili tu: vifaa vichache vyenye kipimo cha betri husema kwamba seli imekwisha ilhali imejaa, na mwisho wake hauna onyo. Hilo la pili si dogo. Tochi ya mawe humpa mwenyewe usiku mmoja au miwili ya kujiandaa, ilhali ile ya nikeli, na zaidi ile ya lithiamu ambayo sakiti yake ya ulinzi hukata umeme volti zikishuka mno, huzima kama taa iliyopulizwa. Kwa mlinzi wa ghala la mahindi au kwa wanaoandamana usiku na mtahiriwa wa Kibukusu, katika Agosti ya miaka shufwa, kuzima ghafla ni jambo la kuzingatiwa kabla ya kutoka nyumbani.

Kasoro nyingine ya seli za nikeli ni kuvuja kwa chaji bila matumizi, yaani nguvu kupungua zikiwa zimekaa tu. Zile za aina ya kwanza huweza kupoteza robo ya chaji yake kwa mwezi mmoja. Zile zilizoboreshwa, ambazo Sanyo ya Japani ilitangulia kuziuza mwaka wa 2005 kwa jina la Eneloop, hubaki na sehemu kubwa ya chaji hata baada ya mwaka. Jiwe la alkali hupoteza asilimia 2 au 3 tu kwa mwaka mzima. Kasi ya uvujaji huo huongezeka pamoja na joto, na kanuni ya jumla ni kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10 kasi ya mmenyuko hukaribia kuwa maradufu. Kitale, iliyo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari chini ya Mlima Elgon, ina hali ya hewa inayozihurumia betri; Bungoma, iliyo karibu mita 1,400, ina joto zaidi kidogo, ingawa tofauti ya miji hiyo miwili ni ndogo kuliko tofauti iliyopo ndani ya nyumba moja kati ya rafu iliyo karibu na sakafu na ile iliyo chini ya mabati. Taa ya sola inayoanikwa juu ya bati pamoja na betri yake hupikwa kila mchana, na umri wake hupungua. Aina ambayo kibao cha sola kimetenganishwa na taa kwa waya ina faida ambayo haionekani siku ya kununua.

Hesabu ya fedha inafaa kufanywa kwa mfano. Ikichukuliwa kwamba nyumba fulani hutumia tochi ya mawe madogo mawili kwa saa 2 kila usiku, kwa mkondo wa miliampea 150, na kwamba jiwe dogo la zinki hutoa takriban miliampea-saa 600 kwa mkondo huo, basi jozi moja hudumu usiku 2, na mwezi hula mawe 30. Jiwe likiwa la shilingi 30, gharama ni shilingi 900 kwa mwezi. Jozi ya alkali, yenye uwezo wa karibu miliampea-saa 2,200, itadumu wiki moja, na hata jiwe likiuzwa shilingi 100 gharama ya mwezi itakuwa chini kidogo ya ile ya mawe ya bei nafuu, ambayo ni habari isiyoaminika kwa urahisi dukani. Seli mbili za nikeli zenye miliampea-saa 2,000 zitachajiwa mara 5 kwa mwezi. Umeme wenyewe hauzidi shilingi 2, na hata zikipelekwa kwenye kibanda cha kuchaji kwa shilingi 20 kila mara, mwezi utagharimu shilingi 100. Seli pamoja na chaja vikinunuliwa kwa shilingi 2,500, fedha hizo hurudi kabla ya mwezi wa 3 kwisha, na mizunguko 500, ambayo seli ya wastani huifikia, ni kazi ya miaka 8 kwa hesabu, ingawa uzee huziua seli nyingi kabla ya hapo.

Namna nyingine ya kuitazama hesabu hiyo ni kuuliza jiwe huuza umeme kwa bei gani. Mawe yale 30 kwa pamoja hutoa umeme usiofika hata sehemu 2 na nusu kati ya 100 za yuniti moja, yuniti ikiwa ni kilowati-saa inayonunuliwa kwa tokeni. Kwa hiyo mnunuzi wa mawe hulipa zaidi ya shilingi 36,000 kwa yuniti ambayo jirani yake aliyeunganishwa na nyaya huipata kwa makumi ya shilingi. Ni vigumu kupata bidhaa nyingine nyumbani ambayo maskini hutozwa kwa tofauti kubwa kiasi hicho. Lakini hesabu hiyo hiyo ikihamishiwa kwenye saa ya ukutani hugeuka: saa hula jiwe moja kwa mwaka au zaidi, seli ya nikeli hairudishi bei yake kamwe, na ikiwa ni ya aina ya zamani itajimaliza yenyewe kabla ya saa kuimaliza. Rimoti ya televisheni iko upande wa saa, na vivyo hivyo tochi ya dharura inayowashwa mara tatu kwa mwaka.

Kama hesabu iko wazi hivyo, inabaki kuelezwa kwa nini mawe yanaendelea kuuzwa, na maelezo yako katika kalenda ya mahindi. Trans Nzoia hupanda Machi na Aprili na kuvuna kuanzia Oktoba, na fedha za maana huonekana kati ya Novemba na Januari, muda si mrefu kabla ya karo ya shule kuzichukua. Mwezi wa Juni, wakati mahindi yanapalilia njaa badala ya kuiondoa, hakuna shilingi 2,500 za chaja, lakini shilingi 30 za jiwe hupatikana, na mwenye duka hukubali kuuza moja peke yake. Mnunuzi huyo hakosi kujua hesabu. Analipa riba kwa sura ya mawe. Ndiyo maana mabadiliko makubwa Bungoma hayakuletwa na seli za nikeli rafuni bali na mikopo. Shirika la One Acre Fund, lililoanza kazi yake katika eneo la Bungoma mwaka wa 2006 kwa kuwakopesha wakulima mbegu na mbolea, baadaye liliongeza taa za sola katika orodha ya vitu ambavyo mkulima huweza kuchukua na kulipa kidogo kidogo, na kampuni ya M-KOPA, iliyoanza biashara mwaka wa 2012, iliugeuza ununuzi wa sola kuwa malipo ya kila siku kwa simu, ya kiasi kinachokaribiana na kile kilichokuwa kikienda kwa mafuta ya taa na mawe. Katika sensa ya mwaka wa 2019, asilimia 50.4 ya nyumba za Kenya zilimulikwa hasa kwa umeme wa nyaya na asilimia 19.3 kwa sola, na kila taa ya sola inayowaka usiku ina betri ya kuchaji ndani yake.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Betri ya kuchaji ilishinda kwa kujificha: mnunuzi alinunua mwanga, redio au simu, na betri ikaingia nyumbani ikiwa tumboni mwa kifaa bila kuhukumiwa kwa jina lake. Ushindi huo umekuja na udhaifu wake. Tochi nyingi za bei ya chini zilizoandikwa kuwa za kuchaji zina betri ndogo ya risasi ya volti 4, na risasi ina tabia moja isiyosamehe, kwamba ikiachwa bila chaji, fuwele ngumu za salfeti ya risasi huota juu ya vibao vyake na kuvizuia visipokee chaji tena. Tochi iliyokwisha nguvu Ijumaa ikawekwa kando mpaka mwisho wa mwezi, au taa ya sola isiyojaa kwa wiki kadhaa za mawingu ya Julai na Agosti, hufa kwa ugonjwa huo, na mwenyewe husema kwamba vitu vya kuchaji havina maisha. Betri za lithiamu na fosfeti ya chuma, zilizomo katika taa bora za sola, hustahimili mizunguko 2,000 na zaidi na hazijali kukaa na chaji nusu, lakini kwa macho taa mbili hizo huweza kufanana kama mapacha. Tofauti imo ndani, na ndani hapafunguki.

Kutofunguka huko ndiko kunakoubadili mjadala. Tochi ya plastiki iliyogandishwa kwa gundi, ambayo betri yake imechomelewa kwa waya na haiwezi kubadilishwa, ikidumu miezi 14 kisha ikatupwa pamoja na LED, swichi na ganda lake ambavyo bado ni vizima, imekuwa jiwe la kutupa kwa maana halisi ya neno, ila ni jiwe kubwa zaidi na lenye sumu zaidi. Kinyume chake kiko mgongoni mwa viredio vidogo vinavyouzwa kote Kitale na Bungoma, ambavyo vimeundwa kutumia betri ya BL-5C ya simu za zamani za Nokia, yenye volti 3.7 na uwezo wa karibu miliampea-saa 1,000. Betri hiyo ikifura, yaani ikivimba kwa gesi inayozaliwa ndani yake inapozeeka au inapochajiwa kupita kiasi, kifuniko huvutwa kwa ukucha, nyingine ikawekwa, na redio ikarudi kwenye kituo cha Sulwe FM bila kwenda kwa fundi. Mafundi nao, wanaopasua betri za kompyuta za mkononi na kuzipima seli zake moja moja kwa mita ili zile zenye uhai zitiwe katika tochi, wanafanya kwa mikono kazi ambayo watengenezaji wa vifaa wameikataa, ingawa seli ya lithiamu iliyochomelewa bila sakiti ya ulinzi ni hatari ya moto ambayo haifai kudharauliwa.

Kosa moja huziharibu aina zote mbili, nalo ni kuchanganya. Kwa kuwa mawe huuzwa moja moja, ni kawaida jipya kuwekwa pamoja na la zamani, na umeme unapopita katika seli zilizofuatana kama mabehewa, lile dhaifu hukwisha kwanza kisha husukumwa na mwenzake mpaka volti zake zigeuke. Jiwe la zinki likifikia hapo hutoboka na kutoa maji. La alkali huota unga mweupe unaokula springi za tochi. Na seli ya nikeli hupoteza sehemu ya umri wake hapo hapo. Jozi iliyonunuliwa pamoja inafaa kuchajiwa pamoja na kuzeeka pamoja.

Kuhusu mwisho wa mawe, desturi ya zamani ilikuwa na ubunifu wake: unga mweusi wa manganizi ulipakwa katika mbao za shule ili chaki ionekane, na kijiti cha kaboni kikawa kalamu ya watoto. Sehemu kubwa iliyobaki iliishia katika choo cha shimo au shambani, na utafiti wa Bensch, Peters na Sievert uliochapishwa mwaka wa 2017 ulionyesha kwamba katika nchi mbalimbali za Afrika kuhama kutoka mafuta ya taa kwenda LED za mawe kumeongeza taka hizo vijijini. Zebaki imeondolewa katika mawe mengi tangu miaka ya 1990, kwa hiyo sumu ya jiwe moja ni ndogo. Wingi wake ndio tatizo. Kwa risasi hali ni nyingine kabisa. Wakazi wa Owino Uhuru mjini Mombasa, ambako betri za magari ziliyeyushwa karibu na nyumba zao, walidhuriwa na sumu ya risasi kwa miaka kadhaa mpaka kampeni iliyoongozwa na Phyllis Omido ikaifikisha kesi mahakamani, na mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hiyo anayesema kwamba betri ya kuchaji ni rafiki wa mazingira kwa sababu tu haitupwi kila wiki anasema nusu ya habari. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022 inamtwika mtengenezaji na mwingizaji wajibu wa bidhaa yake hata baada ya kutumika. Sanduku la kukusanyia betri kuukuu katika soko la Chwele au stendi ya Kitale lingekuwa tafsiri rahisi ya wajibu huo.

Kwa nyumba ya Kitale au Bungoma ya leo, saa ya ukutani, rimoti na tochi ya dharura viachiwe jiwe, na la alkali likipatikana ni heri. Tochi ya kila usiku na redio ya kila siku ziwekewe seli za nikeli au lithiamu, na ununuzi huo ufanywe Desemba, mahindi yanapouzwa, kabla ya karo. Ama taa na tochi za kuchaji zenye betri ya ndani, mnunuzi anaombwa akigeuze kifaa kabla ya kulipa na kutazama mgongo wake: kama hakuna skrubu wala kifuniko cha betri, aulize bei ya kingine.